Siku Bendera Ilipochelewa

Shuka la Toni lilikuwa limelowa tena. Kahonzi alilitenga na nguo nyingine, akalitia kwenye karai la peke yake, akaanza kulifikicha. Kila asubuhi kijana yule mzungu alileta shuka lake mwenyewe, amelikunja sehemu iliyolowa ikae ndani, na macho yake hayakuinuka kutoka mchangani. Kahonzi alikuwa amelea wadogo zake. Harufu ile aliijua, na hakumwambia mtu.

Mwanasiti, mwanamke kutoka Barani aliyefua naye nguo za kambini, naye alijua na akanyamaza vilevile. Mara moja tu alisema, kwa sauti ya chini, "Maskini mwana wa watu. Vita havijamfika, na roho imeshamtoka."

Kambi hiyo ya mahema ya askari wa kizungu ilipigwa porini, ng'ambo ya kijiji cha Adu, nchi yao ilipoingia vitani. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, kwenye visiwa vya baridi. Vijana waliletwa huku kufundishwa mizinga kabla ya kupakiwa melini. Kwa nini watu wanaokwenda kupigana kwenye theluji wafunzwe kwenye jua la Adu, hakuna aliyeeleza.

Uwanja wa kupigia mizinga ndio uliokuwa malisho ya watu na mahali pao pa kutafuta kuni. Gerishom, naibu wa chifu, aliita baraza akasema bendera nyekundu ikipanda mlingotini, asivuke mtu. Isipokuwapo, nchi ni yenu, lisheni. Watu waliuliza nani aliyekubali. Akajibu kwamba ni serikali, na aliyekuwa akifungua kinywa kuuliza zaidi akakifunga. Mwaka ule watu walikuwa wakishikwa kwa neno moja.

Tangu hapo wakawa wanaishi kwa kitambaa kile. Mtu aliamka akatazama mlingoti kabla hajanawa uso. Kuku waliacha kulalia mayai. Kuta za udongo zilipasuka, watoto wakawa wanalia usingizini, na Kahonzi mwenyewe, kila mzinga ulipolia, mikono ilimruka sabuni ikaanguka.

Mumewe, Baya, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni na nyumbani alikuja mara chache. Kahonzi alikaa na mkwewe, Mzee Lewa, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Mizinga aliisikia kwa nyayo tu, ardhi ilipotetemeka. Lakini macho yake yalikuwa mazima, na bendera aliiona kuliko vijana.

Asubuhi ile mlingoti ulikuwa mtupu. Lewa alimwonyesha Kahonzi kwa kidole, akacheka, akafungua mbuzi na kuwaswaga malishoni. Kahonzi naye akaenda kazini na moyo mwepesi. Kambini mpishi wao, Kiponda, aliwaambia yaliyosemwa redioni: meli moja ya wazungu imezamishwa, na kaka yake Toni alikuwamo.

Mzinga wa kwanza ulilia Kahonzi akikamua suruali.

Aliinua macho. Juu ya mahema, mlingoti bado ulikuwa mtupu.

Hakukumbuka kuitupa ile suruali. Alikimbia katikati ya mahema, mahali palipokatazwa wafuaji, na nyuma yake Mwanasiti akimwita. Chini ya mlingoti alikuwa ameketi Toni, aliyekuwa na zamu ya kupandisha bendera, na simu ya upepo kando yake. Bendera ilikuwa mapajani mwake, ingali imekunjwa. Macho yalikuwa wazi lakini hayaoni kitu.

Kahonzi hakujua Kiingereza. Alimshika bega akamtikisa, akamwonyesha uwanjani. "Baba," alisema. "Baba yuko kule."

Mzinga wa pili ukalia. Toni alitazama kule, akaitazama bendera mapajani, na Kahonzi akaona uso wa kijana unapauka. Alikuwa ameelewa. Mkono wake ulikwenda kwenye simu ukasita. Akisema wasimamishe, amejishitaki mwenyewe, na sajini wao alikuwa mtu ambaye hata wazungu wenziwe walimwogopa. Kahonzi aliuchukua mkono ule akauweka juu ya simu. Toni akasema. Sauti yake ilipasuka kama ya mvulana anayebaleghe, akarudia, akarudia tena. Wa tatu ulilia hata hivyo. Kisha kukawa kimya.

Kahonzi na Mwanasiti walimkuta Lewa malishoni ameketi, ameegemea kichuguu. Mbuzi wawili walikuwa vipande vipande, na mguu wake wa kulia, chini ya goti, haukuwa mguu tena. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama huku na huku kumtafuta mtu.

"Nani kanipiga?" alimwuliza Kahonzi. "Sikumwona. Nani kanipiga?"

Mwanasiti alirarua leso yake wakamfunga paja. Gari la jeshi likaja kumpeleka hospitali ya Malindi, na mguu ule haukurudi naye. Kahonzi alipotaka kupanda alizuiwa, akaambiwa anahitajiwa na mkubwa wa kambi. Basi Mwanasiti akapanda badala yake, akakipakata kichwa cha mzee asiyekuwa wake.

Kahonzi aliporudi kambini, bendera ilikuwa ikipepea.

Gerishom alikuja kwa pikipiki. Kabla ya kuingia kwa mkubwa alimvuta Kahonzi pembeni, akamsemesha taratibu, kama mtu anayempa pole mfiwa. Alimwambia bendera ilikuwapo tangu alfajiri, ila mzee ana macho mabovu.

"Ananishinda mimi kuona, bwana naibu."

"Nisikize, mama. Mumeo yuko chumvini, na kule mtu huondolewa kazini kwa neno moja tu. Hapo mnapokaa hamna hati. Sema ilikuwapo, mzee atibiwe, yaishe."

Kahonzi aliitika kwa kichwa, kwa sababu shingo ilitaka kuitika.

Hemani mkubwa wao aliketi nyuma ya meza, mtu wa makamo mwenye uso wa upole. Toni alisimama wima kando, ameshahojiwa, macho chini kama siku zote. Mkubwa aliuliza, na Gerishom akafasiri: bendera ilikuwapo?

Kahonzi alishika ncha za leso yake. Alimtazama Toni. Kisha akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa udogo wake.

"Haikuwapo. Mzinga wa kwanza ulipolia ilikuwa mapajani mwa kijana huyu, ana msiba. Na ndiye aliyesimamisha mizinga. Asipigwe. Waulizwe waliopiga bila kutazama mlingoti."

Gerishom alifasiri. Maneno yake yalikuwa marefu na laini, na alipomaliza, uso wa mkubwa ulikunjuka. Akainuka, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Asante, mama," alisema kwa Kiswahili. "Asante sana."

Kahonzi aliupokea mkono, na hapo ndipo alipojua kwamba neno lake halikufika. Mtu hashukuriwi kwa maneno kama yale aliyoyasema. Masikio ya Toni yalikuwa mekundu.

Mkubwa alitaka kuutoa mkono wake. Kahonzi hakuuachia. Alijua kesho langoni hatapita, na Baya huenda akarudi na mzigo wake kutoka Marereni, na hofu ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe. Lakini vidole vilikataa kufunguka. Aliizunguka meza, akamvuta mzungu kuelekea mlangoni, kwenye jua, kwenye njia ya malishoni ambako damu ya Lewa ilikuwa haijakauka. Na yule bwana, asijue la kufanya na mwanamke aliyemshika mkono, akamfuata.

"Mwachie, Kahonzi," Gerishom alisema nyuma yao. "Unampeleka wapi?"

"Mfasirie," alijibu, bila kugeuka. "Mwambie anakuja kuona."