Amana ya Kikundi cha Kuzikana

Mlinzi wa benki aliwaambia wazime simu. Faustina aliizima yake huku mlinzi akimwona. Anjela aliminya sauti tu, kisha akaifunika simu kwa kiganja ndani ya khanga. Mumewe, Aroni, alikuwa wiki ya pili wodini hapo mjini Iringa, na tangu gari liwatoe Kilolo alfajiri hakuna aliyelitaja jina lake.

Wao walikuwa mwenyekiti na mweka hazina wa kikundi cha kuzikana. Amana ya kikundi ilikuwa imeiva siku hiyo. Wasipotoa maelekezo kabla benki haijafungwa, ingejifunga tena mwaka mzima kwa riba ileile ndogo. Kijijini kwao, kulikozungukwa na miti ya paini, jeneza la paini lilikuwa limepanda bei karibu mara mbili. Mchele na maharage ya kuwalisha waombolezaji navyo havikushikika. Mkutano uliwaachia wawili hao waamue.

Walikaa benchi mpaka saa sita. Ndipo kijana wa amana, Brayson, akawaita kwa upole na kuwaeleza kuhusu amana mpya ya miaka mitatu. Mtaji haupungui. Riba inafuata soko la hisa: soko likipanda, wanapata zaidi kuliko walivyowahi kupata, likishuka, wanarudishiwa walichoweka, basi. Akachora mstari unaopanda.

"Umechora wa kupanda tu," alisema Faustina.

Brayson akacheka. "Wa kushuka hauna madhara, mama. Mtaji wako utakuwa palepale."

"Mtaji palepale, jeneza siyo palepale."

Alipolisema tu akajutia. Anjela alikuwa ameinamisha kichwa. Kwao mgonjwa hazikwi kwa mdomo. Ukitaja jeneza mbele ya mke wa aliye kitandani, unamchuria mtu wake. Akifa, watasema wewe ndiye uliyemwitia kifo.

"Tuweke hii, dada," Anjela alisema bila kuinua uso. "Mama Sifaeli tulimzika kwa kupitisha bakuli nyumba kwa nyumba, kwa kuwa hela za kikundi hazikutosha. Tumezidi woga."

Faustina alizunguka kwa maneno. Aliuliza, je, ndani ya hiyo miaka mitatu, kukitokea jambo?

"Jambo gani, mama?"

"Jambo."

Brayson alingoja. Nyuma yao watu walianza kuguna. Faustina alimtazama mwenzake, akaona ni heri kikundi kipate hasara kuliko yeye kulitamka lile neno. Akachukua kalamu, akasaini, akaisogeza fomu kwa Anjela.

Simu ikawaka ndani ya khanga. Anjela aliitoa haraka. Ulikuwa ujumbe wa mtandao, wa kumshawishi akope salio. Aliutazama muda mrefu, kisha akaiweka simu mezani, juu ya fomu.

"Mume wangu yuko wodini," alimwambia Brayson. "Daktari ameacha kumwandikia dawa. Akifa Jumatano, hizi hela zinatoka lini?"

Brayson aliacha kutabasamu. Alieleza kwamba wangeandika barua, iende makao makuu, wakatwe adhabu kwa kuivunja amana mapema. Wiki mbili, pengine zaidi.

"Nyie mnazika baada ya wiki mbili?"

 Brayson alisema hela zinaweza kukaa akaunti ya kawaida, wazitoe siku yoyote, ila huko hakuna riba, na makato yapo kila mwezi.

"Yaani tukitaka kuzikana, tuwalipe nyie."

"Ndiyo utaratibu, mama."

Anjela aliichana fomu yenye saini ya Faustina, taratibu, akampa Brayson vipande. "Haya. Ziwekeni huko kwenye akaunti ya kawaida. Kateni."

Nje upepo ulikuwa mkali. Faustina alibeba chupa ya uji wa mgonjwa kuelekea wodini, akashindwa kumtazama mwenzake. Alianza kuomba radhi, Anjela akamkatiza.

"Ukifika umsalimie kwa sauti, usinong'one. Tumemzika humo ndani. Wodini bado mzima."