Hodi ya Tatu

Usiku wa jana niliota mlango wa chumba chetu umeajiriwa serikalini. Umevaa koti la kaki, una kalamu, una daftari, na mume wangu Faki amesimama mbele yake, viatu mkononi, anasubiri kuhudumiwa.

Kabla sijaendelea nieleze kidogo, maana haya yanayofuata hayakuwa ndoto. Faki ni fundi wa mitambo ya meli. Maharamia waliiteka meli yao, wakawashikilia miezi kumi na minne. Huko mtu alinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kunywa maji, ya kwenda haja, hata ya kugeuka akiwa amelala. Amerudi, huu ni mwezi wa tatu, na bado anaomba. Anapiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Kitandani ananiambia, "Naomba ruhusa nigeuke." Nami namjibu, "Geuka, mume wangu." Zamani hata sikuwa namwita mume wangu. Zamani nilikuwa napiga kelele, "We Faki! Viatu!" kwa sababu kila siku alivivua katikati ya mlango na kuviacha hapo hapo.

Halafu kuna mama mkwe, Bi Mwanakombo. Mshauri wa hospitali alituambia, "Msimshtue." Neno moja tu. Mama akalichukua neno hilo akalifuga, nalo likazaa. Hakuna kupandisha sauti. Hakuna kukohoa kwa nguvu. Vifuniko vya sufuria vyote vimevishwa vitambaa. Jogoo wa jirani aliombwa kwa heshima, akaliwa. Nyumba nzima tunanong'ona kama tumefiwa, na marehemu yuko mezani anakula wali. Nimechoka. Nasema wazi, nimechoka.

Basi, ndotoni Faki anasema, "Hodi."

"Karibu," nasema kutoka ndani.

Mlango unaandika. "Hodi ya kwanza. Amejibiwa kama mgeni."

"Mgeni gani? Huyo ni mume wangu!"

"Mama, mimi naandika ninachosikia. Anayekaribishwa ni mgeni. Wewe umemkaribisha miezi mitatu." Unalamba kidole, unafunua ukurasa. "Hodi ni tatu. Ya tatu isipopata jibu lake, mtu anarudi alikotoka. Hiyo ndiyo adabu ya hodi. Kwenu hamkufundishwa?"

"Anarudi wapi?"

Mlango unaonyesha kwa kitasa. Nyuma ya Faki, ukumbi wetu umekuwa sitaha ya meli. Ni saa sita mchana, jua kali. Kamba yetu ya nguo iko vilevile, kanga yangu imeanikwa, na chini ya kanga amekaa mtu mwenye bunduki anakula biskuti zetu.

"Usimjali," mlango unasema. "Hana haraka. Anangoja ya tatu."

Nikaamua kutoka nimshike Faki mkono nimwingize ndani, yaishe. Sikufika mbali. Kizingitini vimeketi vikombe viwili, cha chai na cha kahawa, vimekunja mikono.

"Huwezi kupita," chai inasema. "Lazima achague kwanza. Mshauri alisema aachiwe kuchagua vitu vidogo vidogo."

"Tena achague leo," kahawa inasema. "Mwenzangu amepoa tangu Jumanne."

Faki anavitazama vikombe, jasho linamtoka. Ananyoosha mkono. "Naomba ruhusa nichague."

"Chagua!"

"Naomba ruhusa nisichague."

Wallahi nilitaka kuvipiga teke vyote viwili.

Hapo ngazi zikaanza kugongwa. Likaja jembe, linapanda kwa mpini wake, linadondosha udongo mwekundu kila kidato. Niseme tu kwamba tunakaa ghorofa ya tatu. Hatuna shamba, hatuna hata chungu cha maua.

"Yuko wapi mgeni wa siku mbili?" jembe linauliza, linahema. "Siku ya tatu ndiyo yangu."

"Siku ya tatu ilipita zamani," nalijibu. "Umechelewa."

"Sikuchelewa. Mgeni hupewa jembe na wenyeji. Ninyi mmempa mto, na mto wa pili, na supu. Nimengoja mnite, hamniiti. Nimekuja mwenyewe, na ngazi zote hizi."

Faki akalipokea. Akalishika vizuri kabisa, kama mtu anayejua kazi, na kwa mara ya kwanza tangu arudi mgongo wake ukanyooka. Lakini mama mkwe akatokea kabatini na vitambaa vyake, akaanza kulivisha jembe.

"Mama, hebu liache!"

"Shh, mwanangu," akaninong'oneza. "Lina makali. Litamshtua."

"Hodi," Faki anasema.

"Karibu, baba," mama anawahi kabla yangu. "Karibu, polepole, usijikwae."

"Hodi ya pili," mlango unaandika. "Mgeni, tena mgonjwa."

Mtu wa bunduki akasimama, akajikung'uta makombo ya biskuti.

Nikaingiwa na hofu, na hofu ikageuka hasira. Niliwakasirikia maharamia, nikamkasirikia mama, nikavikasirikia vikombe. Mungu anisamehe, nilimkasirikia na Faki, kwa kuwa amerudi na hajarudi. Naye ananyoosha mkono kwa mara ya mwisho. Ili aunyooshe, anaviweka viatu chini. Katikati ya mlango.

"Hodi," anasema, kwa sauti ndogo sana.

Neno karibu likanijia ulimini lenyewe, kwa mazoea. Nikalimeza kwa shida. Nikafumbua kinywa kusema lile jingine, la zamani, mama akanifunika mdomo kwa kifuniko cha sufuria, chenye kitambaa.

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshaingia dirishani. Upande wa Faki hapakuwa na mtu. Usiku kucha hakuna aliyeniomba ruhusa ya kugeuka. Nikakimbilia mlangoni, nikajikwaa, nikaanguka kwa magoti.

Vilikuwa viatu vyake. Vimevuliwa katikati ya mlango, kimoja chali, na soli zimeganda udongo mwekundu. Mtaa wetu wote ni lami na mchanga mweupe.

Sikumfikiria mshauri, wala mama aliyelala chumba cha pili.

"We Faki!" nikapiga kelele. "Viatu! Mara ngapi nikwambie? Unataka nivunjike shingo?"

Jikoni kifuniko kikaanguka kwenye sakafu, kikalia kwelikweli, maana hakikuwa na kitambaa. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikajua nimemmaliza.

"Ah, Maimuna!" sauti ikatoka jikoni, nene, ya kukereka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipopanda meli ile. "Kelele asubuhi yote hii! Viatu vyangu, mlango wangu. Wewe vinakuwasha nini?"