Upande wa Kushoto

Kwa miaka miwili Karimi alisafiri katika gari la baba mkwe wake, na hakuna siku hata moja aliyoogopa.

Mzee Rwamba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai na viatu vilivyong'arishwa hata siku za shamba. Kila asubuhi alitoa Peugeot yake nyeupe nyumbani kwao mtaa wa Dallas, mjini Embu, akateremka mpaka Kiritiri kuangalia mbuzi wake na shamba la pojo. Karimi alikuwa akifundisha shule ya msingi huko, kwa hiyo alipanda naye, kiti cha mbele, upande wa kushoto. Mumewe alifanya kazi mjini Maua na alirudi mwisho wa mwezi. Mzee aliendesha polepole. Pombe hakugusa. Gazeti alilisoma bila miwani, na alipenda watu walijue hilo.

"Baba, mbuzi," Karimi alikuwa akisema njiani, na mzee akipunguza mwendo. "Baba, kuna mtu wa baiskeli." Yalikuwa maneno ya safari tu. Hakuyatia akilini.

Ijumaa moja mwezi wa Septemba mtoto wake, Bundi, aliamka na homa, naye Karimi akabaki nyumbani. Mzee alienda peke yake. Aliporudi jioni, kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimevunjika.

"Ni watu wa sokoni," alisema. "Mtu amenigonga nikiwa nimeegesha, akaenda zake. Adabu imeisha siku hizi."

Jumatatu, ofisi ya walimu ilikuwa na habari moja tu. Riungu, muuza makaa, aligongwa siku ya Ijumaa akivuka barabara na baiskeli yake, karibu na kona ya kuingia Kiritiri. Nyonga ilivunjika, na mbavu. Tangu siku hiyo hakuwa amezungumza. Gari lilikuwa jeupe, na kilichowachoma watu ni kwamba halikukimbia. Liliendelea polepole, kama lililopita juu ya jiwe.

"Angekimbia, tungesema ameogopa," alisema mwalimu mmoja. "Lakini huyu hakujali. Vijana wa pale wameapa wakiliona gari hilo watalichoma, na mwenyewe ndani."

Jioni, wakirudi, Karimi alimsimulia mzee. Rwamba alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Unamgonga mtu, unamwacha barabarani kama mbwa? Huyo si binadamu, Mama Bundi."

Dirisha lilikuwa wazi. Karimi alitoa mkono nje, akapitisha kidole kwenye ufa chini ya kile kioo kilichovunjika. Kidole kilirudi cheusi kwa vumbi la makaa. Alikifuta kwa leso.

Usiku huo hakuweza kumtazama usoni. Alimpakulia chakula akiwa ameinamisha macho, akijiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kumgonga mtu njiani, kisha akaketi mezani na kuomba baraka kwa sauti ile ile.

Kesho yake asubuhi aliamua kunyamaza. Hakujua vizuri alitaka kuona nini. Walipita mbuzi wawili mbali na barabara, wakampita mtu wa mkokoteni, na yeye kimya. Mzee alikuwa akizungumza juu ya mvua. Mbele, upande wa kushoto, mama mmoja alitokea kichakani na mtungi wa maji mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akaanza kuvuka. Karimi alingoja mzee apunguze mwendo. Hakupunguza. Alikuwa bado anazungumza juu ya mvua, uso wake mtulivu kabisa, na mama yule alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye boneti.

"Baba! Simama!"

Gari liliserereka likasimama. Mama alianguka kwa woga, mtungi ukapasuka.

"Kuna nini?" mzee aliuliza.

"Yule mama!"

"Mama yupi?"

Mama aliinuka, akawa anaupiga mlango wa Karimi kwa ngumi na kutukana. Hapo ndipo mzee alipogeuza kichwa chote, akamwona.

"Huyu ametoka wapi?" alisema kwa mshangao wa kweli.

 Mzee hakuwa amedanganya. Na hilo lilimtisha Karimi kuliko uongo.

Siku iliyofuata alimwambia mzee kwamba maandishi ya ubaoni yalikuwa yakimsumbua yeye, ampeleke kwenye kliniki ya macho, na wakifika huko wapimwe wote wawili. Aliomba waende kwa miguu. Mzee alicheka, akakubali.

Muuguzi wa macho aliitwa Kathure. Alimwonyesha mzee herufi za ukutani, naye akazisoma zote mpaka mstari wa mwisho, kwa sauti ya darasani. Kathure akaketi mbele yake, uso kwa uso.

"Mzee, tazama pua yangu, usihamishe macho. Nitachezesha vidole pembeni. Ukiviona, sema."

Akanyoosha mikono. Vidole vikaanza kucheza. Karimi, akiwa ameegemea ukuta, aliviona vikisogea ndani taratibu, vikakaribia masikio ya Kathure mwenyewe. 

"Anza basi, binti yangu," mzee alisema.

Kathure alishusha mikono polepole. Alieleza kwamba hiyo ni presha ya macho, inakula pembeni kwa miaka bila maumivu, na katikati inabaki safi.

"Lakini mimi sioni giza popote," mzee alisema.

"Hakuna anayeliona, mzee. Pale usipoona, akili inakujazia barabara tupu."

 Rwamba akasema bila kugeuka, "Mama Bundi. Kile kioo."

"Ndiyo, Baba."

Alisimama, akarekebisha tai. Waliondoka hapo mpaka kituo cha polisi, akaandikisha maelezo yake mwenyewe, kisha wakaenda na askari mmoja hospitalini. Igoki, mke wa Riungu, alikuwa kando ya kitanda. Riungu alikuwa amepata fahamu asubuhi hiyo. Mzee alipomaliza kusema, mgonjwa alimtazama.

"Nilimwambia mke wangu ni wewe, Mwalimu. Akasema ni dawa zinanichanganya." Alivuta pumzi kwa shida. "Uligeuza uso upande wangu. Ndiyo maana nikavuka. Nilijua umeniona."

Riungu alifariki Jumamosi.

Mahakamani, mzee alikiri kosa lote na kunyang'anywa leseni. Igoki alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hakutaka mzee afungwe. Alitaka tu kujua ni miaka mingapi ameendesha hivyo, na ni wangapi wengine. Hakimu alimgeukia Kathure, na Kathure akasema hakuna awezaye kujua. Kizimbani, Rwamba alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili, midomo ikihesabu bila sauti, kama mtu anayeanza safari upya kutoka mwanzo wa barabara.