Robo Mzunguko

"Lete huo mlingoti wako," wifi yangu alisema, spana ndogo mkononi. "Na usipige kelele. Majirani watadhani nakuchinja, waje na masufuria, nami nitawapa nini? Mifupa mitupu?"

Nilicheka kabla sijajizuia, naye akaizungusha nati. Robo mzunguko, basi.

Mkono wangu wa kulia ulilala juu ya mto, umezungukwa na pete za chuma, na pini nyembamba zilipenya nyama hadi mfupani. Watoto wa jirani waliuita antena.

Nilikuwa dobi. Kukamua shuka ni kazi ya kigasha, kile kipande kati ya kiwiko na kiganja. Kisipogeuka, maji hayatoki. Niliteleza kwenye sakafu yenye sabuni nikakivunja. Kidonda kikatunga usaha, mfupa mmoja ukaoza, daktari akaukata mahali palipooza. Likabaki pengo la urefu wa kidole gumba. Pasipojaa, alisema, mkono utaning'inia tu, hautakamua hata leso.

Kisha akanieleza dawa yake, nami nikamwomba arudie, kwa kuwa ilisikika kama mzaha. Angeukata tena mfupa, safari hii mahali pazima, na vile vyuma vingekivuta kipande kuelekea kwenye pengo, kidogo kidogo kila siku. Nyuma yake mfupa mpya ungeota. Ukiharakisha, hauoti; ukizembea, unagandia njiani.

Mume wangu alijitolea kwanza. Aliishika nati, akaona ngozi ikivutika kwenye pini, akakaa sakafuni taratibu kama gunia. Mimi mgonjwa ndiye niliyempelekea maji.

Hapo ndipo akaja dada yake, mwanamke aliyetangaza siku ya harusi yetu kwamba kaka yake amejitwika mzigo. Alinawa hadi viwikoni, akasafisha kila pini, na mdomo wake haukupumzika. Pua yangu, mapishi yangu, ukoo wangu mzima, vyote vilipata haki yake. Nilimvumilia. Nilijiambia kwamba mkono ni wangu na ulimi ni wake.

Asubuhi moja alikuja amejifunga kitambaa shingoni. Mafua yalikuwa yameikausha sauti yake. Alinawa, akasafisha, akashika spana, kimya. Nati ilipogeuka, maumivu yalipanda hadi begani, nikauma mto. Sikuwahi kuyasikia hivyo. Nati ilikuwa ileile, na mkono ulioigeuza ulikuwa uleule. Kilichokosekana ni matusi.

Nilimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu, na macho yake hayakutaka kukutana na yangu.

Jioni aliporudi kwa robo mzunguko mwingine, nilimwahi.

"Wifi, nani amekufunga mdomo? Nimpelekee zawadi."

Alicheka bila sauti, mabega yakimruka, machozi yakimtoka. Nikabaki nikikitazama kicheko chake, na nilipoangalia chini, nati ilikuwa imeshageuka.

Picha za eksirei zilianza kuonyesha ukungu nyuma ya kile kipande, kisha ukungu ukawa mweupe, kisha daktari akasema maneno machache sana: "Umeshika. Tunavua vyuma."

Siku ya kuvua, wifi alisimama kando ya kitanda. Mkono ulitoka mwembamba, una magamba na makovu.

"Geuza kiganja kitazame juu," daktari alisema.

Nilijaribu. Kilikwama katikati. Nikavuta pumzi, nikajaribu tena, nacho kikaenda, polepole, mpaka kikaitazama dari.

Daktari akaondoka kwenda kwa mwingine. Wifi akakohoa.

"Haya, mkono unao. Nipige basi, kwa yote niliyokusema."

Niliuinua. Ulitetemeka njia nzima. Nikauweka begani mwake, nikauacha hapo mpaka muuguzi akatuomba tupishe kitanda.