Nani Anakupa Chakula Hiki

Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka Mama Chiriku alipotoka mbio mlango wa nyuma wa kiwanda cha kufulia, aproni mpya mkononi, kiatu kimoja kikiburuzika kwa sababu kisigino chake kiliachana na soli tangu mvua zilizopita. Wenzake walimnyooshea mikono, wakamvuta juu kama furushi. Aliangukia shuka za hospitali, bado zina joto la mashine, na wanawake wakacheka. Naye alicheka, ingawa kiganja cha kulia kilimuuma hadi kumtoa machozi. Asubuhi ile mashine ya roli, inayonyoosha shuka kwa joto, ilikuwa imemlamba. Nyapara alimpaka dawa ya meno, akamwambia ashukuru haikumla mkono mzima, kisha akamrudisha kwenye mstari.

"Ufiche huo mkono," alisema shoga yake, mwanamke mfupi waliyemwita Pilipili. "Leo tunakwenda kupigwa picha, shoga, siyo kupimwa."

"Nitauficha wapi?"

"Chini ya aproni. Bosi kasema tung'ae."

"Tung'ae kwa lipi, na chai yenyewe hatujanywa?"

Walikuwa wakipelekwa shule ya masista, walikosoma watoto wao. Shule ile ilikuwa na kitu ambacho nyingine hazikuwa nacho: masomo yakiisha, watoto wa wafanyakazi wa kiwanda hawakufukuzwa getini. Waliingia bwaloni wakala, wakafanya kazi zao za shule, wadogo wakalazwa kwenye mikeka, na kabla ya giza wakapewa uji, mpaka mama zao watoke kazini waje kuwachukua. Waliitwa watoto wa jioni. Ilisemekana gharama yote ilibebwa na mtu mmoja, mwenye kiwanda. Kule kiwandani mtu huyo aliitwa Bosi. Shuleni hakuna aliyemwita hivyo. Kule alikuwa Mfadhili, na watoto walifundishwa kumwita Baba Mfadhili.

Wafuaji walijua zaidi kidogo. Kila mwezi mshahara ulifika mkononi umeshamegwa, na kile kilichomegwa kiliitwa mchango wa hiari. Hiari yenyewe hakuna aliyeulizwa. Lakini hawakunung'unika sana, na Mama Chiriku hakunung'unika hata kidogo, kwa sababu yeye alikuwa amejaribu njia nyingine. Kabla ya kupata ile nafasi alikuwa akimfungia mwanawe chumbani, na maji na sahani iliyofunikwa, ufunguo ameuning'iniza shingoni mwake mwenyewe. Siku moja alirudi akakuta safu ya vyumba vya jirani imekuwa majivu. Moto ulikuwa umezimwa ukutani kwake. Mtoto alikuwa amejikunyata nyuma ya mlango, anaongea na watu kupitia upenyo wa chini, anawaeleza mama yake anafanya kazi wapi na anapenda chai ya namna gani. Kuanzia siku hiyo Bosi angetaka kumkata kidole, angekitoa.

Alikuwa mtoto wa maneno, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Aliamka akiongea, akalala katikati ya sentensi. Aliongea na kuku wa watu, na sufuria, na baba yake ambaye alikwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka na hakuleta habari. Jioni moja ya mshahara alimwona mama yake akishusha pumzi, akamuuliza kuna nini.

"Wamenikata."

"Wamekukata wapi?"

Mama Chiriku alicheka. Alimpakata, akamweleza kama mtu anavyomweleza mtoto: wanatoa kidogo kwenye pesa yangu, kinakwenda kwa Sista, kinakuwa wali. Kwa hiyo ukila kule, ni mimi nakulisha nikiwa mbali. Kila kijiko ni mkono wangu. Mtoto alilipenda jambo hilo. Tangu siku hiyo, mpishi wa shule alisimulia, alikuwa hali mpaka akitazame kijiko kwanza.

Bwalo lilikuwa limeoshwa kwa dawa iliyokereketa pua. Ukutani palikuwa na msalaba, chini yake meza ya wageni yenye kitambaa cheupe ambacho Pilipili alikitambua. "Nimekipiga pasi mimi hicho," alinong'ona, "mikunjo yangu naijua." Wageni walitoka mbali, watu wa kanisa waliozoea kutuma misaada na sasa walitaka kuiona ikifanya kazi. Walikuwa wapole, wekundu kwa jua, na kila mmoja alikuwa na kamera au simu. Wafuaji walipangwa kando ya ukuta, aproni zao nyeupe kama kitani cha altareni. Watoto walikaa mezani mbele ya sahani zilizojaa. Siku ile wali ulikuwa na nyama. Hawakuruhusiwa kugusa mpaka hotuba ziishe, na hotuba hazikuwa na haraka. Mafuta yaliganda juu ya mchuzi. Mtoto mmoja alikuwa ameulaza uso wake karibu kabisa na sahani, anavuta harufu.

Sista aliyesimamia watoto wa jioni ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa kuwa alisomea kwa hao wageni. Alikuwa mwembamba, mwenye raba za turubai zilizoshonwa mara nyingi kuliko viatu vya Mama Chiriku. Watoto waliimba. Kisha Mfadhili aliinuka, akashuka katikati ya meza, kamera zikamfuata, akachuchumaa mbele ya mtoto mmoja aliyekuwa ameketi kwa adabu huku midomo yake ikicheza bila sauti, kama anayejizuia. Alikuwa Chiriku.

"Haya mrembo wangu. Nani anakupa chakula hiki?"

Jibu walikuwa wamefundishwa wiki nzima. Mama Chiriku, pale ukutani, alijikuta anaisukuma midomo yake mwenyewe ilitamke.

"Mama," alisema Chiriku.

Mfadhili alicheka. "Hapana, cha nyumbani sisemi. Hiki cha hapa shuleni."

"Ndiyo, hiki hiki. Bosi wake anamkata, halafu kinakuja huku, Sista anakipika. Kila kijiko ni mkono wake." Akamwonyesha kijiko. Kisha, kwa kuwa mtu huyu alionekana kuwa na nafasi ya kusikiliza, akaendelea. "Bosi wake mimi simjui, ila mkali. Akikohoa, mashine zote zinanyamaza. Wewe ni mtu mkubwa, Baba Mfadhili. Ukimwona, mwambie amwachie mama kidogo. Viatu vyake vimekwisha."

Wafuaji wote walisikia. Hakuna aliyekohoa. Mama Chiriku aliuvuta mguu wake wenye kiatu kibovu nyuma ya mwingine.

Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye macho yaliyolowa, aliinama kwa Sista kuuliza mtoto amesema nini, maana amesema maneno mengi na mazuri. Sista alitazama sahani. Alitazama mikeka iliyokunjwa pembeni, na mlango wa stoo, ambao kila mtu pale alijua nyuma yake pamebaki nini. Kisha akasema maneno machache kwa lugha yao. Wageni wakapiga makofi. Yule mama akajifuta macho. Mfadhili naye alipiga makofi, polepole, akainuka na kukung'uta magoti ya suruali yake.

Watoto wakaruhusiwa kula.

Kesho yake Nyapara alimwita Mama Chiriku kutoka kwenye roli. Ofisi ya Bosi ilikuwa na feni na ukimya. Bosi hakufoka. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mfuaji yeyote, na Mama Chiriku alikaa kwenye ukingo kabisa ili asikiloweshe kwa jasho.

"Sijakasirika, mama," alisema Bosi. "Mtoto ni mtoto. Nataka kujua tu, aliyemfundisha ni nani."

"Hakufundishwa, Bosi. Alisikia tu akapokea vibaya."

"Alisikia kwa nani?"

Mama Chiriku aliuficha mkono chini ya aproni.

"Kuna mtu hapa aliyekulazimisha kuchanga?"

"Hapana, Bosi."

"Basi ni hiari."

"Ni hiari."

"Na hiari mtu anaweza kuiacha. Ukitaka kuacha, acha. Leo hii namwambia Nyapara asikukate tena." Alisubiri. Feni ilizunguka. "Mtoto utamweka wapi?"

Aliufikiria ule ufunguo. Alisema hataki kuacha. Alisema amwie radhi, amefanya kosa, mdomo wa mtoto hauna breki. Bosi akatikisa kichwa kwa upole, akasema wageni wamempenda sana binti yule, hawajaondoka bado, wanataka kumrekodi aseme tena ili wenzao kule kwao wamwone. Keshokutwa. Na safari hii aseme kama wenzake walivyofundishwa.

"Uniandalie, mama," alisema. "Wewe ndiye mwalimu wake."

Jioni, Mama Chiriku alipokwenda kumchukua mwanawe, Sista alimsindikiza hadi getini, jambo lisilo la kawaida. Alikuwa amembebea Chiriku mkoba wake. Walitembea bila neno, ila Chiriku, aliyekuwa anasimulia habari za paka wa jikoni. Getini Sista alisema kwa sauti ya chini kwamba jana, alipotafsiri, ukumbi mzima wa watoto ulikuwa nyuma yake, na stoo ina gunia moja.

"Nimekuelewa, Sista," alisema Mama Chiriku.

"Mungu ananielewa?"

Mama Chiriku hakujua kama swali lile lilikuwa lake kulijibu. Alipokea mkoba.

Usiku hawakuwa na cha kufanya ila kujifunza. Walikaa kitandani, taa katikati.

"Nani anakupa chakula hiki?"

"Wewe."

"Sema, Baba Mfadhili ndiye anayenipa chakula."

"Baba Mfadhili ndiye anayenipa chakula. Lakini ni wewe."

"Hiyo ya mwisho iache."

"Sista alisema ukisema uongo na unajua ni uongo, ni dhambi. Na mwaka huu ninapokea komunyo."

"Siyo uongo. Ni adabu."

"Kwani wewe ulinidanganya? Siyo mkono wako?"

Mama Chiriku alimwambia aseme tena. Mtoto akasema, akaongeza. Akamwambia tena, mtoto akauliza kama Bosi yule na Baba Mfadhili wanajuana, maana kama wanajuana ni rahisi. Hapo mkono ukaruka. Hakuwahi kumpiga mdomoni, na alisahau ni mkono upi. Lengelenge la roli lilipasukia shavuni mwa mtoto. Wote wawili waliguta mara moja, kwa sauti ile ile, kisha wakatazamana. Majimaji yalikuwa yakitiririka kwenye kidevu cha Chiriku. Alijifuta kwa kiganja, akakitazama kiganja.

"Nani anakupa chakula hiki?" alisema mama yake.

"Baba Mfadhili ndiye anayenipa chakula."

Alisubiri aongeze. Hakuongeza.

Siku ya kurekodi alikuwa amesukwa vizuri. Alisema lile neno mara moja tu na halikuhitaji kurudiwa. Yule mgeni mwenye macho ya kulowa alimkumbatia, akamuuliza Sista amesema nini, na safari hii Sista hakuwa na haja ya kubadilisha kitu. Wakampiga picha akiwa na kijiko, wakamwomba afungue mdomo kama anayekula. Akafungua.

Wageni waliondoka na mwaka uliofuata wakatuma msaada mkubwa kuliko wote. Nao ulipitia kwa Mfadhili. Bwalo lilipakwa rangi. Mchango wa hiari ukapanda kidogo, kwa kuwa vitu vyote vilikuwa vimepanda. Mfadhili alipewa nishani kanisani, Jumapili, na kwaya ikaimba.

Sista aliomba mwenyewe kuhamishwa. Alipelekwa kwenye nyumba ya masista wazee, akawa anapika. Mpishi wa shule alibaki. Pilipili aliachishwa kazi kwa kuchekesha watu mashineni, akafungua genge la nyanya, likafungwa, na baada ya hapo hakuonekana tena mtaani.

Mama Chiriku alitolewa kwenye roli akapelekwa chumba cha nyuma, wanakochambua nguo za hospitali kabla hazijachemshwa. Mkono ulipona vibaya. Vidole viwili havikunjuki, lakini kuchambua hakuhitaji vidole vyote.

Picha ilichorwa ubavuni mwa lori la kiwanda: mtoto aliyesukwa, kijiko, mdomo wazi, na maneno ya shukrani chini. Kila siku lori hurudi nyuma hadi mlango wa chumba cha nyuma, na Mama Chiriku hupakua shuka zenye damu kutoka nyuma ya ule uso.

Chiriku bado ni mtoto wa jioni. Anakula kilichowekwa, hatazami kijiko. Walimu wanasema ametulia, na amepata komunyo. Mama yake anapokwenda kumchukua humkuta amesimama getini, mkoba begani, na njia nzima mama ndiye anayeongea. Humuuliza wamekula nini, paka wa jikoni yukoje, leo amefundishwa nini. Mtoto hujibu ndiyo, au hapana, au asante. Mtaani wanaendelea kumwita Chiriku, kwa mazoea.