Kona ya Chini ya Figo

Mzee fundi wa kufuli alipoambiwa ana jiwe la sentimita tatu ndani ya figo, hakuuliza kama atapona. Aliuliza limekaaje.

"Limejibanza kwenye kona ya chini kabisa," daktari wa upasuaji alisema, akimwonyesha picha kwenye kompyuta. Alikuwa mama wa makamo, miwani kaisukumia juu ya paji la uso. "Kulitoa tuna njia mbili, na zote hazihitaji kukupasua ubavu."

Binti wa mzee, muuza vitambaa aliyefunga duka ili amsindikize, alishusha pumzi.

Njia ya kwanza, daktari alieleza, ni kupitisha mrija mwembamba wenye kamera kwenye njia ya mkojo mpaka kwenye figo, kisha kulisaga jiwe kwa mwanga wa leza. Hakuna kidonda, lakini kwa jiwe kubwa namna hiyo huenda akarudi mara mbili, hata tatu. Njia ya pili ni kutoboa tundu mgongoni, kulivunja jiwe na kutoa vipande, mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Ila hapo damu inaweza kutoka zaidi, na angelala wodini siku kadhaa.

"Ya kwanza, Baba," binti alisema papo hapo. "Mgongo usiguswe."

"Subiri kwanza, mwanangu." Mzee alimgeukia daktari. "Huo mrija unakataje kona?"

Daktari alimtazama, akacheka. "Njooni niwaonyeshe."

Chumba cha pili kilikuwa na sanduku la kufundishia madaktari wanafunzi, lenye figo ya plastiki ndani yake na skrini juu. Daktari alimpa mzee mrija, akamwonyesha kitufe cha kukunjia ncha kwa kidole gumba. Miaka thelathini mzee amekuwa akipapasa ndani ya vitasa asivyoviona, basi figo aliifikia bila taabu. Kona ya juu akaingia. Ya katikati akaingia. Ya chini, ncha ilijikunja, ikagusa ukuta, ikateleza. Akarudia. Ikateleza tena.

"Inafika, ila haikai," alisema, akijifuta jasho.

"Na nikishapitisha waya wa leza, inakuwa ngumu zaidi kukunjika. Kona hiyo hata mimi hunihangaisha."

"Hebu nami," binti alisema. Alihangaika dakika tano nzima, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, kisha akauweka mrija mezani taratibu.

"Na hilo tundu la mgongoni," mzee aliuliza, "ni la upana gani?"

"Lipo la unene wa kidole. Kazi yake huenda haraka, lakini damu hutoka zaidi. Lipo na dogo, la unene wa penseli. Hilo hutuweka muda mrefu mezani."

"Wewe umeshatoboa mangapi?"

"Madogo? Zaidi ya mia moja. Wawili ilibidi tuwaongezee damu."

Mzee alipenda kwamba daktari hakuwaficha hao wawili. Lakini aliyejibu ni binti yake: "Basi dogo. Achukue muda wake."

Siku ya upasuaji binti alizunguka korido kwa muda wa saa tatu, mpaka mlinzi akamletea kiti kwa kumwonea huruma. Hatimaye daktari akatoka. Jiwe limetoka, alisema, isipokuwa chembe moja kama punje ya mchele. Wataichungulia baada ya mwezi. Mzee alikojoa mkojo mwekundu siku mbili, akilalamikia chakula cha wodini, na binti akajua baba yake amerudi.

Siku ya nne aliruhusiwa, na amri ya kunywa maji mengi. Mlangoni akasimama.

"Daktari, moja tu. Nina figo mbili, na maji nakunywa kwa mdomo mmoja. Kwa nini jiwe limeota upande mmoja?"



"Sijui, mzee," daktari alisema, akavuta kiti. "Keti kidogo. Katika ukoo wenu, nani mwingine amewahi kuumwa hivi?"

Binti akatua mkoba chini.