Wimbo Uliozoea Kumpisha Bibi

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kuta zake zilibandikwa trei za mayai ili mwangwi usisumbue. Chiriku aliingia humo amevaa gauni aliloshonewa na bibi yake, akapewa hedifoni zenye harufu ya kichwa cha mtu mwingine, akauimba wimbo wake wa kwanza mwanzo hadi mwisho. Prodyuza alisikiliza huku akitafuna karanga.

"Mzuri," akasema. "Ila hapa katikati unanyamaza. Pana nini hapo?"

"Hapo huwa Bibi anasema," Chiriku akajibu.

Ilikuwa kweli tupu. Chiriku na bibi yake waliishi chumba kimoja, bibi upande wa cherehani, mjukuu upande wa gitaa, na bibi alikuwa mtu wa kusema tangu anapofumbua macho. Wimbo ule ulitungwa katikati ya maneno yake, ukazoea kumpisha. Ukifika mwisho wa ubeti wa pili unasimama, bibi anamaliza yake, kisha unaendelea.

Prodyuza akapangusa mikono kwenye suruali. Wimbo ameupenda, akasema, ila sauti bado mbichi. Auache pale, atapigiwa simu. Chiriku akashuka ngazi kama hana uzito, na alipofika nyumbani akatangaza kwamba ameshaingia kwenye muziki.

"Utoke na viatu vyako," bibi akasema bila kuinua macho. "Nasikia huko watu hutoka pekupeku."

Simu haikuja. Kilichokuja ni wimbo wenyewe. Chiriku alikuwa saluni, kichwa kimejaa povu, redio ikautangaza kuwa kibao kipya cha Waziri wa Huba, mwimbaji ambaye sura yake ilikuwa kwenye mabango, kwenye fulana na hata kwenye chupa za maji. Aliuimba vizuri, hilo Chiriku hakuweza kulikataa. Mwisho wa ubeti wa pili Waziri wa Huba akanyamaza, kisha, kwa sauti ya bibi kizee mwenye mafua, akasema, "Chiriku, epua hiyo chai, inamwagikia jiko!" Halafu akarudi kulilia mahaba.

"Kweli," msusi akasema, akiendelea kusugua. "Chai ikishagandia jikoni, kuitoa ni kazi."

Chiriku aliikumbuka chai hiyo. Ilimwagika mchana mmoja wiki iliyotangulia, na bibi alipiga kelele maneno hayo hayo. Kumbe wakati ule ule Waziri wa Huba alikuwa studio anarekodi. Akaenda huko moja kwa moja, nywele zikimdondoshea maji mabegani.

"Ule wimbo ni wangu," akasema.

Prodyuza hakukasirika. Alikuwa mpole sana kila alipomdhulumu mtu. "Binti, maneno yake ni ya Kiswahili. Kiswahili umekianzisha wewe?"

"Na yule anayesema mle ndani ni bibi yangu."

"Hapo sasa umenena. Tumemfuta mpaka mashine imechoka. Tukimtoa ubeti wa pili anahamia wa tatu, na huko anamtukana muuza vifungo. Mwambie apunguze."

Bibi alipopewa habari hizo aliuliza tu kama alisikika vizuri. Tangu hapo jambo likawa wazi kwao na kwa watu wa studio: Waziri wa Huba akipanda jukwaani na wimbo ule, lolote ambalo bibi analisema chumbani kwake wakati huo hutokea kinywani mwa Waziri. Kwenye harusi ya mtoto wa tajiri aliwaambia maharusi kwamba goti lake la kushoto linavuta. Kwenye mkutano wa mabenki alibishana na mteja juu ya pindo la sketi, akashinda. Mashabiki walimpenda zaidi. Walisema amekua.

Siku moja prodyuza akaja mwenyewe na kilo ya sukari mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, Waziri ana tamasha kubwa Jumamosi mchana, uwanja mzima, na televisheni zitakuwepo. Tunaomba saa hiyo unyamaze."

"Ninyamaze kwangu?"

"Kidogo tu."

"Mwanangu, mume wangu aliniomba hivyo hivyo, na yeye alikuwa ananilisha."

Prodyuza akaondoka. Sukari akaisahau, au alijifanya kuisahau.

Chiriku hakulala vizuri wiki ile. Alikuwa amewaza kwenda kwa wakili, lakini wakili wa mtaa wao alikuwa na picha ya Waziri wa Huba juu ya meza. Jumamosi akachutama mbele ya cherehani, akamshika bibi magoti.

"Leo sema ukweli, Bibi. Uuseme wote."

Bibi akavua kastabini kidoleni, akakohoa ili kusafisha njia. Waliutazama uwanja kwenye simu iliyopasuka kioo. Watu walijaa mpaka kwenye paa. Waziri wa Huba akatoka na koti la kumeta, akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akanyamaza.

"Wimbo huu si wa huyu," bibi akasema mbele ya cherehani, na uwanja mzima ukamsikia kutoka kinywani mwa Waziri. "Ni wa mjukuu wangu, Chiriku. Huyu kauiba! Na hilo koti limeshonwa vibaya begani."

Chiriku akaisogeza simu karibu. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mikono, akapaza sauti, "Kauiba!" Mwenzake akadakia. Mara uwanja mzima ukawa unarukaruka, "Kauiba! Kauiba!", huku wote wakitikisa bega moja. Waziri wa Huba, ambaye kazi yake aliijua, akawaelekezea kipaza sauti.

Kufikia Jumatatu watoto wa shule walikuwa wakiucheza njiani. Kwenye mahojiano Waziri alieleza kwamba huo ndio ujumbe mzito kuliko wowote aliowahi kutunga, kwa kuwa unahusu mapenzi yaliyoporwa. Mtangazaji akalia.

"Nimesema vibaya?" bibi akauliza.

"Umesema vizuri, Bibi," Chiriku akamwambia. "Wamesikia kila neno."

Simu ikaja wiki hiyo hiyo. Prodyuza alitaka kurekodi upya toleo lenye neno lile la uwanjani, na alihitaji msichana wa kuitikia. Chiriku alikaa na simu mkononi baada ya kukatwa. Alikuwa na hasira, na alitaka kuimba. Hasira ilikuwa kubwa, lakini kuimba alikutaka tangu utotoni. Akaenda.

Waziri wa Huba alimsalimia kwa adabu, akamsogezea kiti. Taa nyekundu ikawaka. Zamu yake ilipofika, Chiriku akamtazama Waziri usoni kupitia kioo cha chumba cha kurekodia, akaimba kwa nguvu zote alizokuwa nazo, "Kauiba, kauiba, kauiba."

Prodyuza akasimamisha mashine.

"Sauti safi," akasema. "Ila tabasamu, binti. Wimbo wa kuchezea huu."

Chiriku akarudia.